Merrill Reighard, Fundi wa Moshi wa Treni za Kuchezea

Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na dada wa marehemu, Verna Estep. Klabu ya Reli Ndogo ya Bonde la Juniata ilijitolea kuuandika, na Jumamosi ikaleta rasimu yake. Rasimu ilisema marehemu alikuwa "mtu mpole, aliyempokea kila mteja kwa tabasamu." Dada yake alipofika hapo alidhani wamekosea maiti. Karatasi hizo sasa ziko chini ya bakuli la paka.

Rasimu hiyo pia haikutaja popote kwamba marehemu alikuwa na mtoto. Hilo si kosa la klabu. Merrill mwenyewe aliagiza binti yake, Darla, asitajwe siku ya mazishi yake. Darla yupo, amekaa safu ya mbele, ndiye mwenye koti la kijani. Kuna neno la baba yake ambalo hajawahi kulisikia, na atalisikia leo. Wanaume wa klabu, ambao wamemfanya kichekesho kwa miaka kumi na moja, watalisikia pamoja naye. Litakuja kwa zamu yake, baada ya kuzaliwa, shule na kazi, kama desturi inavyotaka.

Marehemu Merrill Harlan Reighard alizaliwa hapa Altoona, Pennsylvania, Jumapili tarehe 9 Februari 1941, mtoto wa kwanza wa Harlan na Edna Reighard. Mama alisema alitoka amekunja uso, na wakunga wakaamini ni gesi tumboni. Haikuwa gesi. Baba yao alikuwa fundi wa boila katika karakana za reli, na kudharau ndiyo ilikuwa starehe yake. Aliwadharau mafundi wa mabehewa, akawadharau watu wa ofisini, na injini za dizeli zilipoingia alizipa mgongo kila zilipopita. Krismasi ya mwaka 1949 mjomba wao alimletea Merrill treni ya umeme ya kuzungusha chini ya mti, yenye kichwa kinachotoa moshi wa kweli. Baba akaitazama ikizunguka mara mbili, akasema, "Huo ni moshi wa shemasi anayevuta sigara chooni," akaenda zake kulala. Merrill hakulia. Alijilaza pale zuliani, jicho limekaribia kabisa bomba la moshi, na kabla ya Mwaka Mpya alikuwa ameshakifungua kile kichwa na kukirudisha, kikatoa moshi mara mbili ya ule wa kwanza. Baba hakwenda kuangalia. Merrill alikuwa na miaka minane, na dada yake anaamini kwamba tangu siku ile hakumsamehe mtu yeyote isipokuwa baba, ambaye ndiye aliyestahili kulaumiwa.

Alisoma shule ya msingi karibu na kanisa letu, kisha sekondari hapa hapa mjini, akamaliza Juni 1958. Hakuwa mwanafunzi mbaya. Alikuwa mwanafunzi wa kuchosha. Mwalimu wa fizikia, mtu mwema sana, alimwambia mama, "Mama Reighard, mwanao anajua majibu yote, lakini anayatoa kama ananitupia mifupa." Mama akamjibu kwamba nyumbani hata mifupa hawapati.

Septemba ya mwaka huo aliingia karakana za reli, kama baba yake. Lakini alichelewa. Injini za moshi zilikuwa zimeshaondolewa, zimeburutwa kwenda kukatwa vyuma, na kijana aliyekua akisikia habari za boila chakulani kila jioni akakabidhiwa grisi na dizeli. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na minne bila kuipenda hata siku moja, na alihakikisha kila mtu wa zamu yake anajua hivyo. Kazi ilipopunguzwa mwaka 1982 wenzake walilia. Yeye alirudi nyumbani, akashuka ghorofa ya chini ya ardhi, akawasha taa ya mezani, akatundika kibao mlangoni: MOSHI TU. Maana yake hakutengeneza magurudumu, wala taa, wala honi, wala kitu kingine chochote cha treni yako. Ukimletea kichwa kisichotembea alikurudishia na kukuambia utembee nacho wewe.

Kwa wale waliofuatana na waume zao na hawajui tunazungumza nini: chini ya bomba la kichwa cha treni ya kuchezea kuna kijichumba kidogo kisichozidi kidole gumba. Ndani yake mna waya unaopata moto, na umezungukwa na utambi wa pamba. Unadondosha matone machache ya mafuta maalumu bombani, utambi unayanyonya, waya unayachoma, na pampu ndogo inapuliza moshi nje, pu, pu, pu. Basi. Ndicho kitu ambacho wanaume wazima wa kaunti hii, waliovaa kofia za madereva wa treni na hawajawahi kuendesha hata trekta, wameshindwa kukitunza kwa miaka sabini. Wanakiendesha kikavu mpaka utambi unakuwa mkaa. Au wanakimiminia mafuta mpaka kinazama, halafu wanashangaa mbona hakitoi moshi. Yupo aliyetia mafuta ya taa. Yupo aliyetia mafuta ya kupaka mtoto, na sebule yake ikanuka makalio ya mtoto hadi Pasaka. Yupo mmoja, na amekaa safu ya tatu leo na anajijua, aliyetia siagi ya kuyeyusha.

Kila mmoja wao alishuka zile ngazi na kila mmoja akapewa maneno yake.

"Umekiendesha kikavu," Merrill angesema, akinusa bomba.

"Hapana, Merrill, nilitia mafuta juzi tu."

"Ulitia wapi? Kwenye kahawa yako?"

"Labda kilikuwa na hitilafu tangu dukani."

"Hitilafu ipo. Imesimama hapa mbele yangu imevaa kofia ya milia."

Nao walicheka, wakarudi tena mwaka uliofuata na utambi uliokuwa mkaa vilevile. Dada yake hajawahi kuelewa mwanaume anayependa kutukanwa na mtu anayemtengenezea mwanasesere, lakini klabu nzima ilikuwa hivyo.

Kosa lililokuwa likimtia wazimu kuliko yote halikuwa la utambi. Chini ya tumbo la kila kichwa kuna swichi ndogo ya kuwasha na kuzima moshi. Mtu anakiweka kichwa sandukuni baada ya Krismasi, kidole kinaigusa swichi, inazima. Desemba inayofuata anaweka treni relini, hakuna moshi, anashika kichwa mikono miwili kama anabeba mgonjwa, anampelekea Merrill. Merrill anakigeuza, anasukuma swichi kwa ukucha, anakirudisha. Kwa hao hakusema neno. Aliwaonyesha mlango kwa kidevu. Katika mji huu ni afadhali ukamatwe umelewa kuliko kujulikana umempelekea Merrill swichi.

Tarehe 20 Juni 1964 alimuoa Lorraine Burkholder, katika kanisa la Hollidaysburg. Lorraine alikuwa akiuza katika duka la mikate, na Merrill alimrudishia pai ya tufaha akisema chini yake ni mbichi. Lorraine akaionja palepale kaunta, akameza, akasema, "Ni kweli ni mbichi. Na wewe uso wako ni mchachu. Yupi tumrudishe kwanza?" Kesho yake Merrill akarudi kununua mkate ambao hakuuhitaji. Kwa miaka arobaini na minne Lorraine alikuwa mtu pekee aliyeweza kumwambia "Acha upuuzi, njoo ule," naye akaacha, akaja, akala. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Darla, mwaka 1966.

Lorraine alifariki tarehe 14 Mei 2008, kwa saratani. Hapa dada yake atasema wazi, maana wasifu unaoruka mambo ni tangazo la biashara. Baada ya maziko kina mama wa kanisa walileta chakula nyumbani kwa Merrill, nyama ya nguruwe ya chumvi, saladi ya viazi, kabichi na tambi. Watu walikuwa wamejaa. Gene Shoenfelt, mwenyekiti wa klabu, akamsogelea mfiwa na sahani mkononi. "Merrill, najua si wakati wake," alisema, "lakini kile kichwa changu, na Jumapili tuna maonyesho." Mtu anayejua si wakati wake hunyamaza. Gene hakunyamaza. Na Merrill, badala ya kumpiga na lile bakuli la saladi, alishuka chini kukitengeneza.

Darla alimfuata. Dada wa marehemu alikuwa kwenye ngazi na alisikia kila kitu.

"Baba, watu wamekuja kumzika mama. Wewe uko huku unapuliza bati."

"Kinatakiwa Jumapili."

"Hata siku alipokata roho ulikuwa huku chini. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Ungempenda mama nusu ya unavyoyapenda haya makopo, angekufa amekushika wewe."

Merrill hakuinua macho. "Funga huo mlango," alisema. "Upepo unaingia kwenye utambi."

Darla aliufunga. Akarudi kwa mumewe Toledo, Ohio, na simu ikakatika kabisa kati ya baba na mtoto.

Jumamosi tarehe 10 Desemba 2011 alirudi. Aliendesha gari kwa muda wa saa sita kwenye theluji, na kabla ya kwenda kwa baba yake alipitia kwa shangazi yake. Alikuwa amefunga ndani ya taulo kichwa cha treni ambacho baba yake alimpa akiwa na miaka sita. Aliketi jikoni bila kuvua koti.

"Shangazi, nimeizima swichi mwenyewe," alisema. "Nitamwambia hakitoi moshi. Atakishika, atanitukana kidogo, halafu tutaongea."

"Si umwambie tu umekuja kuongea?"

"Nani, Baba? Huyo haongei na mtu ambaye hana kitu kilichoharibika."

Shangazi yake aliona ni wazo la kipuuzi, lakini pia aliona ni wazo la mtu anayemfahamu Merrill barabara. Wakaenda pamoja. Chini walimkuta Gene Shoenfelt na wenzake wawili wamekalia makreti, wanakula biskuti. Darla akafungua taulo, akasema hakitoi moshi. Baba yake alikichukua, akakigeuza, akaona. Akakitua mezani polepole.

"Hivi wewe ni mtoto wa nani?" alimuuliza.

"Wako, Baba."

"Mtoto wangu angeangalia swichi."

Wale watatu walipasuka kwa kicheko. Gene alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, makombo yakimtoka mdomoni. Darla alikichukua kichwa chake, akapanda ngazi. Jikoni alisimama na taulo mkononi, akasema, "Hakuelewa, shangazi. Hata hakuelewa nimekuja kufanya nini." Akaondoka na theluji ile ile.

Kwa klabu, ile ilikuwa zawadi ya Krismasi. Tangu hapo, kila Desemba wanapotandika reli zao kwenye ukumbi wa zimamoto ili watoto wa mji waje kutazama, mtu akisahau swichi wanamwambia "umefanya Darla." Wameusema usemi huo mbele ya watoto, mbele ya wake zao, na mbele ya Merrill. Merrill hakucheka, lakini pia hakuwanyamazisha, na alikuwa mtu anayeweza kuwanyamazisha kwa kidevu.

Mwaka 2019 mikono ya marehemu ilianza kutetemeka, akaacha kazi. Aliendelea kukaa mezani chini, akiwaelekeza watu kwa matusi jinsi ya kujitengenezea wenyewe. Mwaka 2021 madaktari walisema moyo umechoka. Dada yake aliuliza umechoshwa na nini maana haukuwahi kutumika, na daktari akadhani ni huzuni inasema. Tangu Agosti mwaka huu alilala kwenye kitanda cha hospitali kilichowekwa sebuleni. Wanaklabu walimtembelea wawili wawili, wakamletea maua na kumuuliza vipuri vyake ataviacha kwa nani.

Jumanne ya tarehe mosi Novemba dada yake alikuwa akimlisha supu ya kuku. Alikuwa amechoka, na aliamua kumtolea uvivu.

"Merrill, kuna kitu sijakuambia. Ile siku Darla alipokuja, swichi aliizima mwenyewe. Alitafuta sababu ya kuja kwako."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua aliizima mwenyewe. Tangu ana miaka minne alikuwa ananikalia mezani. Namuuliza, kabla ya kufungua skrubu tunaangalia nini, anapiga kelele, swichi! Huyo angesahau jina lake kwanza. Nilipokigeuza tu nilijua."

Kijiko kilimwanguka dada yake kwenye shuka. "Ulijua, na ukamtukana mbele ya wale mbumbumbu? Ukamwacha aende?"

"Nilitaka aseme kwa mdomo."

"Aseme nini?"

"Kwamba alinikosea. Siku ya mama yake."

"Alikukosea, Merrill?"

Runinga ilikuwa inatangaza sabuni. Dada yake alidhani amelala.

"Hapana," alisema. "Hakunikosea. Alisema kweli yote."

"Basi simu ile pale. Mpigie."

"Nimwambie nini mimi?"

"Hayo hayo uliyoniambia."

"Mwambie wewe, Verna. Wewe ndiye mwenye mdomo." Kisha akageuza uso ukutani, akaongeza, "Na nikifa asitajwe kwenye hivyo vikaratasi vyenu. Akitajwa, wale wajinga watageuka wamwangalie, waanze kucheka."

"Utakuwa kwenye sanduku. Utanizuia na nini?"

Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho ya maana. Usiku ule dada yake alimpigia Darla na kumwambia neno moja tu, njoo. Darla alifika Jumatano alasiri, lakini baba yake alikuwa hasemi tena. Alimshika mkono tangu alipoingia mpaka Alhamisi tarehe 3 Novemba 2022, alfajiri, alipokata roho. Kazi ya kuwashika mkono wazazi wanaokufa imemwangukia yeye mara zote mbili.

Watu wawili watatu wamemuuliza dada yake kwa nini hakumwambia Darla palepale kitandani. Hakumwambia kwa sababu Darla hakuaibishwa kitandani. Aliaibishwa mbele ya watu, na watu wenyewe ni hawa, wamekaa hapa na suti zao na vibeji vya klabu. Wapo pia watakaosema kwamba chini ya ule ukali kulikuwa na moyo laini. Dada yake alimfahamu miaka sabini na minane. Chini ya ukali kulikuwa na ukali mwingine, na chini yake kulikuwa na woga. Mtu aliyeweza kumwambia kila mwanaume wa kaunti hii kwamba ni mpumbavu aliogopa kumwambia binti yake maneno matatu kwa simu, akamwachia dada yake, kama alivyomwachia kufua na kupika tangu Lorraine aondoke.

Basi dada yake anaifanya na kazi hii.

Darla, simama kama unaweza. Kama huwezi, kaa, mama, utasikia hivyo hivyo. Baba yako alielewa. Alielewa umekuja kufanya nini pale pale alipokishika kile kichwa, akajifanya hamnazo kwa sababu ya kiburi. Na uliyomwambia siku tuliyomzika mama yako, amesema kwa kinywa chake kwamba hukumkosea, ulisema kweli yote. Ilikuwa haki yako kuyasikia kwake, naye alikunyima.

Gene Shoenfelt, hakuna haja ya kutazama viatu. Sasa mnajua wote kwamba siku ile mezani, ukimtoa Merrill, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua swichi iko wapi na iko upande gani, na mliyekuwa mkimcheka ndiye yeye. Huo usemi wenu tunauzika leo na mwenyewe aliyeshindwa kuukemea. Atakayeutoa tena mdomoni Desemba, Verna Estep atakuwa amekaa kwenye ukumbi wa zimamoto kila jioni, na ana mdomo wa baba yake.

Marehemu Merrill Harlan Reighard amewafuata wazazi wake Harlan na Edna, na mkewe Lorraine, waliotangulia mbele yake. Ameacha dada mmoja, Verna; mkwe mmoja, Russ Coyle; na wajukuu wawili, Tessa na Landon. Na kinyume cha agizo lake, ameacha binti mmoja, Darla Reighard Coyle, wa Toledo, Ohio. Anaitwa Darla. Geukeni, mwangalieni.

Mungu ampe marehemu pumziko la amani, na amvumilie huko kama tulivyomvumilia sisi.